Mlango ni Ule Ule

Dada yangu mpendwa,

Salamu kwanza, habari baadaye, ndivyo mwalimu anavyotufundisha. U mzima wewe na tumbo lako? Shemeji naye? Sisi huku hatujambo. Mama ameniambia niandike hivyo, nami nimeandika. Amepaka chokaa chumba cha nyuma na kukiinua kitanda chako kwa matofali. Anasema uzazi wa kwanza hulelewa na mama.

Miezi michache iliyopita alikuja mtafiti, mwanamke mpole mwenye miwani, kuuliza kina mama wanavyopokewa katika wodi ya wazazi. Alieleza kwamba hakuja kuhesabu watu. Alitaka maneno yao wenyewe, kwa urefu, ajue kwa nini sisi wa bondeni tunazika wazazi na vichanga wengi kuliko wale wa mlimani. Nilifurahi mno, nikamwambia Mama Mdogo kwamba sasa tutasikika. Nilimsindikiza Mama Mdogo kwenye mahojiano kwa sababu alikuwa mjamzito na miguu imemvimba. Alisema anatembelea mito miwili ya kulalia.

Unamkumbuka muuguzi mkuu, yule tunayemwita Bi Subiri. Wenye magari hupita mlango wa pembeni. Sisi tuna benchi na hilo neno lake. Mama Mdogo alimzaa mtoto wake wa pili kwenye benchi hilo, na wewe ndiye uliyemsitiri kwa shuka. Basi njiani aliapa kuyasema yote, akaiga na sauti ya Bi Subiri mpaka nikatokwa na machozi kwa kucheka.

Lakini mahojiano yalifanyika katika chumba cha wauguzi. Bi Subiri aliingia na kutoka, mara anatafuta kalamu, mara kikombe, na mtafiti akawa anamshukuru kwa ukarimu wake. Mama Mdogo alipoulizwa alivyopokewa, alijibu kwamba vizuri tu, anashukuru. Tulipotoka nilimnunia. Akanifinya shavu, akasema vitabu vimenijaa kichwani lakini sijui kwamba hutukani wakunga na uzazi ungalipo. Tumbo bado analo, akasema, na mlango ni ule ule.

Juma lililopita mtafiti alirudi kutusomea aliyoyapata. Alisoma kwamba kina mama wengi wa bondeni wameridhika. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kama kuna la kuongeza, maana bado anaweza kurekebisha. Bi Subiri alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Mama alifungua mdomo, halafu akauliza kama wodi itapakwa rangi. Mimi nilinyoosha mkono kama darasani. Mama aliushusha taratibu, akaushika mapajani mwake mpaka kikao kikaisha.

Sasa dada, kama umesimama, kaa. Mama Mdogo hatunaye, tangu kabla mtafiti hajarudi. Uchungu ulimshika asubuhi, kichwa kikimgonga, macho yakiona ukungu. Bi Subiri alimwambia asubiri, kwani kuzaa si kugeni kwake. Wawili wakapitishwa mlango wa pembeni. Akashikwa na kifafa cha mimba pale pale benchini, kichwa chake mapajani mwa Mama. Mtoto alitolewa mzima, msichana. Analala katika chumba tulichokupakia chokaa. Wewe ulifichwa kwa sababu mwenye mimba hapelekewi msiba.

Nilimuuliza Mama kwa nini alinyamaza mbele ya mtafiti, wakati mdogo wake hana tena cha kuogopa. Alijibu bila kunitazama kwamba wewe unakuja mwezi ujao, na mlango ni ule ule.

Sijui nikuambie uje au usije. Uliandika kwamba zahanati ya huko haina hata mkunga. Namba ya simu ya mtafiti nimeikariri. Ukishajifungua salama nitampigia nimwambie yote. Ndivyo ninavyojituliza. Kisha nakumbuka kwamba nyuma yako yuko mke wa jirani, amekwishaanza kichefuchefu, na nyuma yake yuko mwingine, na siku moja mimi.

Baba anakusalimu, anauliza kama bado unakoroma. Mtoto anakusalimu kwa makelele. Mama ameniagiza niandike kwamba Mama Mdogo naye anakusalimu sana. Hilo limenishinda, dada. Barua hii nitaipeleka posta mwenyewe, kabla hajaomba nimsomee.

Ni mimi mdogo wako,
wa mwisho kwa mama.