Tangazo Lisilotaja Tembo

Shikamoo mshauri. Naandika hii barua haraka haraka nikiwa nimejifungia chumba cha mafaili, naomba unishike mkono maana mwenzako maji yamenifika shingoni, na ukinisoma redioni tafadhali usitaje jina langu wala la ofisi.

Mimi ni mpiga chapa katika ofisi ya wanyamapori, mwaka wa sita sasa, nimeolewa na fundi seremala, tunaishi hapa mjini karibu na kazini lakini kwao mume wangu ni upande wa chini wa mto, ambako mama mkwe wangu analima mahindi na maboga, na huko ndiko tembo wanakoingia mashambani kila msimu, wanakula wanachotaka na kukanyaga kilichobaki, watu wamepiga madebe mpaka mikono imeota sugu, wakalalamika, wakaandika barua, na mwaka huu ofisi ikakubali kwamba tembo wale wahamishiwe msitu mwingine. Mpaka hapo mambo yalikuwa mazuri.

Sasa mshauri, ofisini kwetu hakuna anayesema tembo. Tunasema "wale". Wale wamevuka, wale wamelala kwenye matete, wale wana mtoto mpya, ukisema tembo unaonekana mgeni. Mkubwa wangu wa kazi aliponiletea tangazo aliloliandika kwa mkono, kichwa chake kilikuwa kirefu, mistari mitatu, na ndicho pekee kilichotaja tembo, na nilipolichapa kwa herufi kubwa za kusomeka ukutani likavuka ukurasa kwa mistari miwili, na yeye hapendi kabisa tangazo la kurasa mbili, basi nikakata kile kichwa nikaweka neno TANGAZO, likaenea vizuri, nikalisoma mara mbili nikaona halina kosa hata la nukta, nikampelekea akatia sahihi huku anaongea na simu, dereva akaenda kulibandika zahanati, shuleni na kwenye mashine ya kusaga. Nakuandikia lilivyokuwa:

"TANGAZO. Kutokana na usumbufu wa muda mrefu, wote walio upande wa chini wa mto watahamishwa kuanzia mwezi ujao na kupelekwa eneo jipya lenye maji ya kutosha. Wenye watoto wanaonyonya watahamishwa mwisho. Wazee sana wataachwa walipo. Tunaomba ushirikiano wenu."

Unaona mwenyewe. Kwa lugha yetu hii tembo anahamishwa na mtu anahamishwa, na neno ni lile lile.

Jumapili iliyofuata tukaenda kumsalimia mama mkwe, tukakuta vyombo viko kwenye mafurushi, kuku amewagawa, ghala amelifagia jeupe, na shemeji yangu ameshaezua mabati ya nyumba yake, ameyafunga kamba na kuhamia kwa wakwe zake. Nikauliza kuna nini, wakanishangaa, wakasema wewe ndiye wa kutuambia. Mama mkwe akanivuta jikoni, akafunga mlango, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, wewe uko huko huko ofisini. Mimi nitahesabiwa mzee sana, au mzee wa kawaida?"

Mshauri, nilielewa palepale. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba mambo ya ofisi siruhusiwi kuyasema. Akasema sawa mwanangu, sitaki ufukuzwe kazi kwa ajili yangu, akanipa maboga mawili ya kubeba, na mimi nikayabeba.

Hizo ni wiki tatu zimepita. Mvua imeanza na upande mzima haujapanda, maana nani atapanda mahali anapohama. Madebe hayapigwi tena. Tembo wanaingia mchana kweupe, wanavunja migomba, wanakunywa maji kwenye mapipa ya watu, na shemeji akija anakaa kwenye kigoda anawatazama, akiambiwa awafukuze anasema waacheni, hao ndio wenye barua ya kubaki. Mama mkwe, ambaye zamani alikuwa akiwafukuza huku akiwatania kama mashemeji zake, kwamba nyie mna tumbo kubwa na adabu ndogo, sasa hawaangalii kabisa, anageuzia uso ukutani.

Na hilo siyo baya kuliko yote. Mkubwa wangu alituma vijana wake na karatasi za maswali, wakawauliza watu wanawaonaje tembo, na nyumba karibu zote zikajibu hatuna neno nao. Amefurahi ajabu. Ameandika ripoti kwamba mtazamo wa wananchi kuhusu wanyamapori umebadilika, kwamba malalamiko yamekwisha, na kwamba hakuna tena haja ya kuwahamisha tembo, yale malori makubwa ya kuwabebea yapelekwe kwingine. Kanipa niichape, itoke Ijumaa. Nimefika ukurasa wa nne, mkono umegoma. Kwa sababu ikitoka, tembo wanabaki na watu wanajihamisha wenyewe, na hakuna mkubwa yeyote aliyeamua hivyo, ila mimi na mistari yangu mitatu.

Mume wangu nimemficha. Nikisema, kazi sina, na ukweni sijui nitakanyaga kwa miguu gani. Nikinyamaza, yule mama anaiacha nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi. Nimefikiria nikabandike kile kichwa kimyakimya juu ya matangazo kama vile kilikuwepo tangu mwanzo, au niseme dereva alisahau kubandika karatasi ya kwanza. Nifanyeje mshauri? Samahani kwa mwandiko.

Ni mimi, Mpiga Chapa.

MSHAURI ANAJIBU

Mpiga Chapa, marahaba. Pole, na sasa futa machozi unisikilize, maana nitasema mara moja.

Dereva mwache. Alipewa karatasi moja akabandika karatasi moja. Ukimtwika hilo, nikijua, barua yako ijayo sitaifungua. Na huko kubandika kimyakimya usahau, watu wameshalisoma tangazo lile mpaka wamelihifadhi kichwani, utaonekana mwongo mara mbili.

Kukata kichwa cha tangazo ni kosa la kazi, na kila mwenye kazi analo lake. Kosa lako hasa ulilifanya jikoni. Mama mtu mzima amekuuliza kama uzee wake unatosha aachwe afie kwake, na wewe jibu ulikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa "Mama, ni tembo." Maneno matatu! Badala yake ukamtolea siri ya ofisi. Siri gani hiyo, mwanangu, iliyobandikwa kwenye mashine ya kusaga? Halafu yeye akakuonea huruma wewe, akakufungia na maboga. Hapo niliiweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Lakini nakutendea haki, hili si lako peke yako. Wewe ulisoma mara mbili ukaona tembo. Wao walisoma mara moja wakajiona wao. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema hii haiwezekani, hakuna aliyekuja ofisini kuuliza. Walipodhani wameambiwa wahame kumpisha mnyama, waliona ni mambo ya ofisi yenu kama kawaida, wakaanza kufunga mafurushi. Mngekuwa mnawaheshimu, tangazo lile lingewachekesha. Hilo mwambie mkubwa wako aliweke kwenye ripoti yake, lina uzito kuliko kurasa zote nne.

Na lile jibu la "hatuna neno nao", wala lisimfurahishe. Hao hawakuanza kuwapenda tembo. Walikata tamaa, na mtu aliyekata tamaa habishani na karatasi ya maswali. Tembo nao hawana hatia hapo, wameona shamba halina mwenyewe, wameingia. Aliyemhamisha shemeji yako si tembo, ni karatasi yenu.

Sasa fanya hivi. Ripoti iache ilipo, usichape hata herufi moja zaidi. Chukua ile karatasi aliyoiandika kwa mkono, ingia kwa mkubwa wako, umwonyeshe kile kichwa, sema niliyekata ni mimi. Atafoka. Lakini naye alitia sahihi huku anaongea na simu, kwa hiyo hatafoka sana. Kazi inaweza kwenda, sikudanganyi, na ikienda utatafuta nyingine, kuchapa unajua. Chapa tangazo jipya, kila mnapomaanisha "wale" weka "tembo", likifika kurasa mbili ziwe mbili, na ukalibandike wewe mwenyewe, usimtume mtu. Mumeo mwambie kabla hamjaondoka nyumbani, ni mama yake, ana haki ya kukasirika akiwa na wewe pembeni. Abebe nyundo na misumari, kuna mabati ya kurudisha juu.

Na usijipe moyo kwamba una muda mpaka Ijumaa. Jina lako sijalitaja, kama ulivyoomba. Barua nimeisoma yote, na upande wa chini wa mto wana redio, na mama mkwe wako nadhani ana mkwe mpiga chapa mmoja tu. Ndiyo, nimefanya makusudi. Wakati unanisikiliza hapo, kuna jirani anakata uwanja kwenda kupiga hodi kwake.

Kwa hiyo vaa nguo za shamba uondoke sasa, mkubwa wako utamwona ukirudi. Ukifika, usianze na hadithi ya mistari na kurasa. Mwamkie, mwambie ni tembo, mwambie ulijua tangu ile Jumapili, mwambie akusamehe. Akikupa jembe, pokea ulime mpaka akuambie basi, maana mvua inanyesha na shamba lake halina hata mbegu moja.