Aya Niliyoifuta

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi mwili mzima, ila moyo umenilemea, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu.

Unajua kazi yangu ni kuandika miongozo ya programu za kompyuta. Siku uliponiambia kwamba wodini kwenu mnatumia programu yetu, na kwamba umewatambia manesi wenzako kuwa mwongozo ule kaandika mdogo wako, nilicheka hadi machozi.

Mwaka jana mkuu wetu alisema tunapiga porojo mno katika miongozo. Kama kichwa cha habari kimeshasema “Kumhamisha Mgonjwa Wodi”, aliuliza, ya nini aya nzima ya kutangaza kwamba sasa tunaeleza jinsi ya kumhamisha mgonjwa wodi? Mtu anataka hatua ya kwanza, basi. Alisema kweli. Kwa siku mbili nikafuta aya za utangulizi zaidi ya mia, nikapigiwa makofi mkutanoni.

Kisha akafariki yule mama wa kitanda cha dirishani, aliyepewa dawa iliyokuwa sumu kwa mwili wake. Uliwaeleza wakubwa wako kwamba ulimhamisha kwa kufuata mwongozo neno kwa neno, lakini orodha ya dawa alizokatazwa haikuja naye. Hawakukuamini. Ulipofukuzwa ulinipigia ukilia, nami nikakuambia labda ulichoka, ukaruka hatua.

Dada, hukuruka kitu. Siku ile ile nilifungua nakala ya zamani. Utangulizi wa sehemu ile ulikuwa na sentensi nne. Tatu zilikuwa maneno matupu. Ya nne ilisema orodha hiyo haihami yenyewe, lazima ihifadhiwe kwanza. Mimi nilisoma ya kwanza tu, nikafuta zote. Nimelijua hilo miezi mitano, nikala mezani kwako, nikanyamaza.

Jana nimepeleka nakala zote mbili kwa mkuu wetu na kwa hospitali yenu. Sijui kama watakurudisha kazini. Yule mama hakuna wa kumrudisha.

Jumapili nitakuwa kwa mama. Kama hutaki kuniona, mwambie yeye. Nitaondoka kabla hujafika.

Nisalimie watoto, hata usipowaambia salamu zimetoka kwa nani.

Ni mimi, mdogo wako.