Buibui Hajafa, Amejivua Gamba

Mama Sia,

Nimekimbilia Tengeru kumwita mwalimu Sadoki, yule aliyesema buibui wangu hatamaliza mwaka. Aje aone mwenyewe.

Maziwa nimeshachemsha. Chupa ya buibui iko juu ya televisheni mpya, paka hafiki pale. Msiiwashe leo, hata Sia akilia. Kelele zitamsumbua.

Asubuhi ulimkuta amelala chali, ukatangaza msiba na kumzika mgombani wakati mimi nakamua ng'ombe. Nimeumia, sikufichi. Miaka minne namlea, anakua polepole kuliko kahawa, halafu anazikwa sijaulizwa. Nilipofukua lile boksi la viatu nikakuta mgongo umepasuka, na yeye anajichomoa kwenye gamba kuukuu, mguu mmoja mmoja, mpya kabisa. Kumbe hulala chali akitaka kujivua. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka juzi na hakuna aliyemwona.

~~Jioni mpe panzi mmoja.~~ Hapana, asile kitu wiki nzima. Meno yake bado laini, panzi anaweza kumjeruhi. Na pampu ya kupulizia kahawa dawa ya wadudu isiingie sebuleni kabisa.

Kitambaa chako cha kwaya, kile ulichomtandikia ndani ya boksi, nimekifua na kukianika. Miaka yote minne unaniambia humpendi hata kidogo. Haya, endelea kusema.

Baba Sia