Makombora Yasiyoingia Kwenye Reli

Bwera, Jumatano, 1979

Hayaingii. Yote sita hayaingii.

Miaka mitatu gari letu la deraya limepita kwenye gwaride Kasese likiwa na makombora ya mbao, niliyoyapaka rangi mimi mwenyewe, na watu wakapiga makofi. Ya kweli yalikuwa ghalani, kwenye masanduku yaliyopigiliwa misumari. Leo ndiyo tumeyafungua, maana kesho gari linashuka Katunguru kuzuia vifaru vya adui visivuke daraja.

Gari ni la zamani, makombora ni ya aina mpya. Miguu ya makombora ni mipana kuliko reli za kurushia zilizo juu ya gari. Plagi ya umeme ya gari ina matundu manne, kombora lina pini saba! Hata ukilifunga kwa waya, halitaruka.

Nilikimbia kwa afande nikidhani naye atashtuka. Hakuweka hata kikombe chini.

"Mimi najua hii maneno tangu zamani. Weka ile ya mbao. Adui akiona, ataogopa."

"Na kama haogopi, afande?"

"Fundi, kazi yako ni rangi."

Rangi! Mimi niliyesomea makombora... Nikayapaka yale ya mbao rangi upya, nikayapandisha kwenye gari.

Jioni akaja Okello, mume wa dada yangu. Ndiye dereva wa gari hilo. Aliyatazama makombora juu ya gari, akatabasamu.

"Shemeji, leo mumeweka ya kweli, siyo?"

Nikamwambia ndiyo. Mikono niliificha nyuma, rangi ilikuwa haijakauka.