Mnara wa Tatu Tatu

Alhamisi, 6 Machi

Klabu ya hesabu. Wanafunzi wanane. Nimerudisha jaribio la kuchagua watakaoenda mashindano Bura. Ukipata sitini unaenda. Swali la mwisho lilikuwa langu: tatu, juu yake tatu, juu yake tatu tena. Kuzidisha ni kujumlisha kwa kurudia, kipeo ni kuzidisha kwa kurudia, na mnara huu ni kipeo kilichorudiwa. Naupenda kupita kiasi. Jibu, 19,683. Wakio wa Sagalla ameandika trilioni saba na ushee. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba namba yake ni ndefu kuliko reli ya Taveta. Wakacheka. Nami nikacheka, sana. Amepata 57. Haendi.

Ijumaa, 7 Machi

Chai na mkate. Hakuna aliyepiga simu. Nikampigia mama watoto Kakamega. Mahindi, mvua, basi. Mwaka wa tisa niko Voi na bado mwenye nyumba ananiita "yule mwalimu".

Jumamosi, 8 Machi

Nimefua mashati. Mchana nikajaribu mnara wa ngazi nne, kujifurahisha tu. Mkono ukasita. Nimekuwa nikihesabu kutoka chini! Mnara huanzwa juu. Tatu ya juu inaipandisha ya katikati, unapata 27. Kisha ile ya chini inapandishwa kwa 27. Trilioni saba na ushee.

Nimefukua kitabu cha chuo. Ndivyo kinavyosema.

Miaka yote nimefundisha kwa mbili juu ya mbili juu ya mbili. Hiyo hata uanze chini, hata uanze juu, ni 16. Haikuwahi kunisuta. Mwaka huu nikaweka tatu, nikijiona mjanja. Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Majina yanatumwa Jumatano. Swali lile lina alama tano, kwa hiyo Wakio ana 62. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Alhamisi ndiyo siku pekee watu wananisikiliza hapa, saa nzima. Nikisema nimekosea, watakuja tena? Naogopa. Mtu mzima, naogopa watoto.

Jumatatu, 10 Machi

Wakio alikuwa darasani. Nimemkwepa. Kwa mwalimu mkuu nilifika hadi mlangoni, nikaomba chaki.

Jumanne, 11 Machi

Wakio hakuja. Wenzake wanasema bomba la kwao limekauka tangu jana, anateka maji mbali. Baada ya masomo nikachukua bodaboda hadi Sagalla.

Mama yake alinikaribisha kwa kikombe cha maji, kimejaa pomoni. Mitungi miwili tu kando ya ukuta. Niliyanywa yote kwa sababu kuyabakiza kungekuwa matusi.

Nikamwambia Wakio mbele ya mama yake, kama nilivyomcheka mbele ya watu. Nimekosea mimi, wewe ulipata.

Akatazama chini. "Nilijua, Mwalimu."

Nikamuuliza, mbona hukusema?

"Ulikuwa umefurahi. Huwa tunakuona stafrumu umekaa peke yako. Siku hiyo ulikuwa umefurahi, sikutaka kukuharibia."

Mama yake akamkemea kwa Kisagalla, lugha ya kwao. Sikuelewa neno hata moja. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumatano, 12 Machi

Leo niliingia kwa mwalimu mkuu bila kusita. Alisikiliza akigongagonga kalamu. Jina la Wakio limeingia, limetumwa saa nne. Halafu akasema safari ya Bura ataiongoza mwalimu wa fizikia. Wazazi wakisikia nilivyokosea, alisema, watalalamika, itabidi nielewe. Nimeelewa. Imeniuma.

Alhamisi, 13 Machi

Nimewaeleza klabu ubaoni, kutoka juu kwenda chini. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Watano tu ndio waliokuja, na Wakio hakuwa miongoni mwao. Bado anateka maji.

Jumamosi, 15 Machi

Basi la shule limeondoka saa kumi na mbili na nusu. Nilisimama getini. Wakio alikuwa dirishani, sare imepigwa pasi, anasoma. Hakuniona, au aliniona akaniacha tu.

Sasa ni saa nne. Huko Bura wamefungua karatasi. Nimepika ugali wa mtu mmoja, mapema mno. Nimeketi nao mezani. Simu iko karibu, nimeongeza sauti.