Jaji Aliuliza, Nikanyamaza

Alhamisi, saa tisa alasiri. Niko mtaa wa Ng'ambo, kwenye benchi la fundi cherehani. Jua kali, na upepo unaokuletea vumbi mpaka kwenye meno.

Nisamehe, shajara yangu ya mtandaoni. Wiki ya nne hii sijaandika hata mstari. Mdogo wangu Neema, ambaye hukufungua kwenye simu kule Ipole na kumsomea mama, ameshanitumia ujumbe mara mbili: "Dada, umekufa?" Sijafa. Kila nikianza kuandika naandika jina la Nyamizi, halafu nabaki kuliangalia.

Leo nimeleta sketi iliyofumuka pindo. Mbele yangu kuna wateja wawili, na mmoja ana gauni la harusi ambalo halimtoshi na hataki kukubali. Kwa hiyo nina muda.

Kwa wasiojua, niko hapa Tabora mjini kwenye mafunzo ya uongozi ya likizo ndefu, kwenye chuo kikuu kimoja. Wenzangu wote wanasoma digrii. Mimi ni wa stashahada, niliyemaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikarudi shule kwa kuchelewa. Na ni mimi peke yangu mwenye mtoto. Asubuhi tunafundishwa, mchana tunafanya mashindano ya visa vya biashara. Mnapewa karatasi tatu zenye habari ya biashara iliyokwama. Watu wanne mnakaa nayo siku mbili, kisha mnasimama mbele ya majaji kueleza mngeikwamuaje.

Sikutolewa nyumbani na msiba wala ugonjwa. Nilitolewa na karatasi tatu.

Nyamizi ana mwaka mmoja na miezi minane. Nilimwachisha ziwa siku nne kabla ya kuja. Mama aliniletea shubiri, nikapaka. Mtoto akaonja, akaachia, akaniangalia. Hakulia. Akaliangalia ziwa, akaniangalia mimi tena, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu na muuzaji anayemjua.

Bora angelia.

Na siku ya safari niliondoka amelala. Ndivyo tunavyofanya wote kwetu, mama anatoka alfajiri kimyakimya ili mtoto asimwone akalia. Hata mimi niliachwa hivyo hivyo nilipokuwa mdogo. Sikuwahi kujiuliza mtoto akiamka anafikiri nini.

Wiki ya kwanza maziwa yaliendelea kuja. Nilikaa darasani na sweta kwenye joto lile, nimekunja mikono kifuani, tunafundishwa maono ya kiongozi.

Baba yake hajui lolote kati ya haya. Yuko porini kambini na wenzake tangu msimu wa kurina asali uanze, na huko simu haishiki. Alinitumia kindoo cha asali ya mwanzo nije nacho. Ilipofika katikati ya mwezi, asali ikaanza kuganda chini, nyeupe kama samli.

Nasema habari ya kindoo kwa sababu kisa tulichopewa wiki hii kilikuwa cha asali. Kikundi cha wafugaji nyuki kinafungasha na kuuza, asali inaganda kwenye chupa, wateja wanasema imechanganywa na sukari, wanarudisha. Mfanyeje? Kikundini kwetu tulikuwa mimi, wasichana wawili wa Mwanza, na Elia. Wasichana walitaka inunuliwe mashine ya kuichemsha. Nikawaambia mkiichemsha mmeiua, na nikawaletea kindoo waone. Tukakubaliana asali ibaki kama ilivyo, kazi iwe kwa mteja.

Elia ni Mgogo wa Mpwapwa, mimi Mnyamwezi, na makabila yetu yanataniana tangu enzi za misafara. Ndiyo kusema ni mtani wangu, na tangu siku ya kwanza hakuniacha nipumue. Nikichukua maji bwaloni, yuko nyuma yangu.

"Wewe Mnyamwezi, lipa ushuru kwanza. Babu zako wakipita kwetu na mizigo yao kwenda pwani walilipia kila kibuyu cha maji."

"Walilipa. Ninyi mkala, mkamaliza, mkaendelea kuomba mpaka leo."

"Tunaomba kwa sababu mnabeba vingi!"

Hivyo kila siku. Nakiri kwamba kuna siku ni yeye tu aliyenichekesha.

Utaratibu ni kwamba vikundi viwili vya kwanza vinakwenda Dodoma kushindana na vya mikoa mingine, wiki mbili zaidi, na basi linaondoka Jumamosi alfajiri. Wengine wote, Jumamosi hiyo hiyo wanarudi makwao.

Sasa Jumanne asubuhi, siku ya kusimama, nikapiga simu nyumbani. Neema akaweka sauti kubwa. Nikamsikia Nyamizi anaita, "Mama! Mama, maji!"

Nikaitika. "Ee, mwanangu, niko hapa."

Hakunijibu. Nikasikia kikombe. Neema akasema taratibu, "Dada, hapo anamwita bibi. Siku hizi ndivyo anavyomwita."

Nikasema sawa. Nikakata simu, nikaenda kushindana.

Tulieleza vizuri. Wasichana wa Mwanza waliongea kwa michoro, Elia akaongea kwa mikono. Ukaja wakati wa maswali. Jaji mmoja, mama wa miwani aliyekulia nje ya nchi, akanitazama mimi. "Mnasema asali iliyoganda ni asali nzuri. Kwa nini mteja awaamini?"

Swali lilikuwa langu, tulishagawana. Jibu nililijua, nilikuwa nimelirudia bafuni.

Nikanyamaza.

Majaji walidhani nimeshikwa na hofu. Wenzangu pia. Nakuandikia wewe ukweli: sikuwa na hofu. Nilikuwa nahesabu. Nikinyamaza tunashindwa, na Jumamosi mchana niko Ipole. Nilisimama pale na jibu mdomoni, nikalibana kama mtoto anayebana chakula asichotaka kumeza. Watu watatu walikuwa wamekesha kwa ajili ya kazi hii na mimi nilikuwa naiuza.

Ndipo Elia akachukua kile kindoo mezani. Akaja mpaka mbele yangu, mbele ya ukumbi mzima, akanitwika kichwani.

"Waheshimiwa majaji, samahani sana. Huyu ni Mnyamwezi. Bila mzigo kichwani hawezi kusema."

Nusu ya ukumbi ilipasuka kwa kicheko. Nusu ilishika mdomo. Mkono wangu ulipanda wenyewe kukishika kindoo. Na mdomo nao ukafunguka wenyewe, kwa sababu mtani akikutupia lazima umrudishie.

"Na huyu ni Mgogo. Ameshika asali dakika nzima hajaomba. Mpimeni, anaumwa."

Baada ya kusema hilo sikuweza tena kurudi kwenye kunyamaza. Nikamjibu jaji kindoo kikiwa kichwani. Nikasema asali kuganda si ugonjwa, ndivyo ilivyo. Kosa la hiki kikundi ni kumwacha mteja aamke siku moja akute imebadilika. Kila chupa itoke na karatasi inayosema imerinwa mwezi gani, na kwamba baada ya muda itaganda, na ikiganda uifanyeje. Mtu akiambiwa mapema, jambo likitokea anakuamini zaidi. Asipoambiwa, anaona ametapeliwa.

Walipiga makofi. Mimi nilikuwa nayasikia maneno yangu yakinirudia, na niliyekuwa namwona si mteja.

Baadaye yule mama jaji aliniita pembeni. Alikuwa amekasirika kwa niaba yangu. "Yule kijana amekudhalilisha mbele za watu. Unataka kulalamika?"

Nikamwambia hapana mama, ni mtani wangu, mtani hakasirikiwi.

"Hata ukiumia?"

Nikamshukuru, nikachukua kindoo changu, nikatoka.

Alikuwa ameshatupunguzia alama za nidhamu ya kikundi, na tukawa wa pili badala ya wa kwanza. Wa pili naye anakwenda Dodoma.

Na hapa ndipo penye siri yangu. Elia nimemkasirikia. Nimemkasirikia sana, tangu Jumanne, na sina pa kuiweka hasira hiyo kwa sababu mila hainipi. Angekuwa mtu mwingine ningemwambia, nani alikutuma? Ungeniacha ninyamaze. Yeye anapita bwaloni anapiga kelele, "Mnyamwezi, Dodoma ni kwetu, andaa ushuru!" Nami najibu, nacheka, natoka, naenda kulia chooni. Nikimaliza namshukuru kimoyomoyo, kwa sababu bila yeye ningerudi kwa mwanangu nikiwa mwizi wa kazi ya wenzangu.

Jana nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshinda?"

"Tumepita."

"Mbona sasa sauti ya msibani?"

Nikamwambia yote, na la kuitwa mama pia. Akaguna. "Mtoto anawasikia wewe na Neema mnaniita mama, unataka aniite nani? Mwenyekiti?" Kisha akasema, "Nenda huko. Usipokwenda utakuja kuninunia hapa mwaka mzima. Nakujua."

Ni kweli aliyosema. Kichwani yamekaa. Kifuani bado.

Basi nakwenda. Jumamosi alfajiri. Ila sitaki tena Nyamizi aamke akute mambo yamebadilika. Neema, leo jioni mkishamlisha, mchukue umkalishe umwambie polepole: mama yako Kalunde yuko safarini, kesho hatakuja, na keshokutwa hatakuja, lakini atakuja. Najua haelewi. Mwambie hivyo hivyo. Na kesho yake mwambie tena. Akilia, mwacheni alie.

Fundi ananiita. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi, mpeni kondakta wa basi la kesho asubuhi, nitampokea stendi:

Blanketi la kijivu, siyo jipya. Dodoma upepo wake wanasema ni wa kisu.

Kitenge changu cha kijani, na blauzi nyeupe iliyoko chini ya sanduku. Angalieni kifungo cha juu.

Daftari la hesabu za stashahada, lenye jalada lililochanika.

Karanga za kukaanga, mama asiweke chumvi nyingi.

Na unyayo wa Nyamizi. Nimeona viatu vizuri hapa sokoni lakini sijui tena kipimo. Msipime kwa kamba, kamba inavutika. Msimamisheni kwenye karatasi, mkandamize kisigino, mchore kwa penseli kuzunguka vidole vyote. Chukueni mguu wa kulia, ndio mkubwa kidogo. Ulikuwa mkubwa, nilipoondoka.