Yago Tuliyoizika Mahali Pako

Luanda Kotieno,
Juni 1957

Baba Akinyi, mpenzi wangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama tulivyozoea tangu walipokupeleka kisiwani. Unakumbuka barua zangu za kwanza, zile za Kijaluo, zilivyokwama kambini kwa sababu mkaguzi hakuwa na mtu wa kumsomea. Ukaniagiza niandike lugha anayoijua, tena kwa herufi kubwa, asichoke njiani. Nikajifunza kukupenda kwa Kiswahili, kwa maneno machache: mvua imenyesha, mbuzi amezaa, mama yako hajambo. Mengine aliyafuta kwa wino mweusi. Hadi leo sijui kosa langu lilikuwa nini niliposema samaki wamepungua.

Sasa hakuna wa kufuta, kwa hiyo nitakuambia yote.

Mara nyingi nakikumbuka chumba chetu cha Kisumu, karibu na bandari. Ulikuwa unarudi kutoka karakana ya meli na mafuta ya mashine hadi kwenye kope. King'ora kikilia ziwani ulinyamaza, kijiko kikiwa bado hewani, ukataja meli inayoingia. Akinyi naye alinyamaza na kijiko chake, akataja jina lolote lililomjia, ukamwambia amepata.

Halafu ikatangazwa hali ya hatari. Kwenye mkutano wa chama cha ukoo, ule wa kuwanunulia vijana mpira, ulisimama ukasema kwamba mtu akikamatwa apelekwe kortini, aambiwe kosa lake, naye ajibu. Hukusema zaidi ya hapo. Ulikaa, mkaendelea na habari za mpira.

Wiki hiyo hiyo akatokea yule bwana wa kushona viatu ng'ambo ya barabara. Wote tulijua ni askari kanzu, maana kila siku alikuwa anashona kiatu kile kile. Ukaniambia, "Mama Akinyi, mpelekee chai. Kazi ya kukaa juani si rahisi."

"Na sukari pia nimtilie?"

"Mtilie. Halafu umuulize kama ameandika tulichokula jana, maana mimi nimesahau."

Nilimpelekea. Alikunywa, akaninyooshea kikombe bila kuniangalia. Asubuhi waliyokuja kukuchukua alikuwa nao, amesimama nyuma, anatazama vidole vyake. Karatasi waliyokusomea ilisema wewe ni hatari kwa amani, basi. Haikutaja siku wala neno ulilosema. Uliomba uvae viatu. Ukafunga kamba polepole, ukaniambia nipake mafuta bawaba za mlango kwa sababu zinalia. Nilizipaka siku hiyo hiyo, halafu mlango uliponyamaza nikajuta, kwa sababu mlio ule ndio ulionijulisha kwamba umerudi.

Tukarudi huku nyumbani kwa mama yako. Na huku ndiko habari zako zilikotufikia. Tarishi wa chifu alikuja mchana, tukiwa tunaanika mtama. Alisema umekufa kwa ugonjwa wa tumbo, na kwamba umeshazikwa huko huko kisiwani. Mama akaomba mwili. Akajibiwa kwamba wafungwa wa kule hawatolewi, wazima wala wafu.

Chifu mwenyewe akaja jioni kutupa masharti. Matanga yawe ya watu wa boma tu. Ngoma hakuna, hotuba hakuna. Na mimi nisipige nduru. Wewe unajua kwetu mke ndiye anayetangaza kifo kwa nduru, watu wakaja mbio kutoka kila upande. Chifu akasema hicho ndicho anachokiogopa: watakuja, na mkusanyiko bila kibali ni kosa. Nikaziba mdomo kwa leso nikakulilia humo. Majirani walipita njiani wakanisalimu kama siku zote, hawajui.

Mama akasema hutabaki nje. Kama wanavyofanyiwa wanaume wanaozama ziwani wasionekane, alimtuma mdogo wako akatafute tunda la yago, refu, zito kama mtoto. Tukaliosha. Tukalifunga katika lile koti lako la karakana ambalo bado lilikuwa na harufu ya mafuta. Likachimbiwa kaburi upande wa kulia wa nyumba, mahali pa mwenye nyumba, na jua lilipokuwa likichomoza tukalizika bila neno. Nilipotia udongo nilikuita kwa jina lako, jina ambalo sikuwahi kukuita ukiwa hai. Nilipata utulivu kidogo, sitaki kukuficha.

Lakini ule ukimya ndio uliotuponza. Mtu fulani alituona, akapeleka habari kwamba katika boma la mfungwa kimefukiwa kitu kirefu kilichofungwa kwa nguo. Tungeachwa tulie, hakuna ambaye angedhani tunaficha bunduki.

Lori lilikuja na afisa Mzungu, kijana, na askari wenye majembe. Alimuuliza mama yako kwa Kiswahili chake, "Mmezika nini hapa?"

"Mwanangu."

"Mwanao amezikwa kisiwani. Nimeiona taarifa."

"Basi wewe ndiye unayejua alipo. Sisi hatukuonyeshwa."

Walichimba. Askari mmoja, mtu wa huku huku kwetu, alipoliona koti alitupa jembe akarudi nyuma. "Afande, huyu ni maiti."

"Maiti gani? Mimi naona tunda."

"Ni mwenye nyumba, afande."

Afisa alidhani anachezewa. Akaamuru lipasuliwe. Mwingine akalipiga panga, likafunguka, ndani mna nyuzi na mbegu tu. Afisa akacheka kidogo, kisha akaona uso wa mama akaacha. Wakatia vipande na koti kwenye gunia, wakaondoka navyo kwenda Kisumu vikaangaliwe.

Nilikwenda Kisumu kukufuata. Koplo wa mezani pale kituo cha polisi alikuwa mpole. "Mama, unasema wamekuchukulia nini?"

"Tunda la yago, na koti."

Alijua mara moja. Akaondoa kofia. "Koti liko ghalani, halitoki bila sahihi ya mkubwa. Lile lingine lilioza, mama. Limetupwa. Samahani sana."

"Limetupwa wapi?"

"Mimi sikuwepo." Akaongeza kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini, "Usiulize tena, dada yangu. Nenda nyumbani ukamtunze mtoto."

Nilitaka tutafute yago nyingine. Wazee wakakataa. Wakasema mtu hupewa moja tu, ya pili huita kifo kingine bomani, na wakamtazama Akinyi. Nikamvuta Akinyi karibu nami. Mama akachukua jembe mwenyewe, akaanza kurudisha udongo ndani ya shimo tupu, na tulipomwomba apumzike akasema, "Niacheni. Huyu nilimzaa mimi."

Kwa hiyo pale pana tuta, na chini yake hakuna kitu. Mbuzi hatuwaachi wapapande. Wageni tunawaonyesha kwamba ni pako. Lakini jua likianza kuzama nikibaki peke yangu hapo mlangoni, sijui kama kweli ulifika nyumbani au kama ulifika ukatolewa tena, kama mara ile ya kwanza, bila kuambiwa kosa. Hili ndilo linaloninyima usingizi, Baba Akinyi. Kufa kwako nimekubali.

Bado wanatuangalia. Wanawake wakija kunisaidia kupalilia, askari wa chifu hupita kuuliza tunaongea nini. Tunamwambia tunaongea habari ya magugu. Akinyi anasoma vizuri. Mama yako anakula kidogo.

Popote ulipo, usitukasirikie. Tulikuosha, tukakuvika koti lako, tukakulaza upande wako. Nduru yangu bado ninayo kifuani, sijampa mtu. Siku watakapoturuhusu nitaipiga yote.

Unikumbuke.

Mkeo,
Mama Akinyi